Fidla ya Babu, Mkono Wangu

Babu aliniachia fidla moja, upinde mmoja, na ahadi ambayo sikuitoa mimi: Bibi aliwaambia watu kwamba nitaipiga fidla hiyo kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili Dar es Salaam. Kila nikirudi Unguja mwisho wa wiki, nilifanya mazoezi mpaka kifundo cha mkono kikawaka moto.

Mwalimu wangu, aliyewahi kupiga taarabu pamoja na Babu, alinitazama siku moja akasema, "Mwanangu, kidole chako cha mwisho hakifiki."

Fidla ya Babu ni saizi kamili, mwili wake sentimita 35 na nusu. Mkono wangu mdogo. Shingo ya fidla haina vizuizi kama gitaa; kidole kikipungukiwa na milimita chache, sauti inahama. Na maqamu za taarabu zina sauti zinazokaa katikati ya vibonye vya piano. Hapo kukosea kidogo ni kukosea kweli.

Alipanga fidla tatu mkekani, akaniambia nifumbe macho. Kila moja niliipiga kwa upinde uleule, uzi mmoja mmoja, polepole. "Ukibadilisha vyote kwa pamoja, hutajua kipi kimekusaidia," alisema.

Ya Babu niliitambua kwa harufu kabla sijaigusa. Niliyoichagua haikuwa hiyo. Ilikuwa ya 7/8, fupi kwa kama sentimita moja tu, lakini kidole kilifika bila kulazimishwa. Nilijiona msaliti.

Kisha tukashika fidla hiyo moja na kubadilisha pinde. Wa kwanza ulikuwa mzito kwenye ncha. Wa pili ulirukaruka. Wa tatu, gramu 60 hivi, ulitulia juu ya uzi kama uliokuwa ukiningoja. Nilifumbua macho. Ulikuwa wa Babu.

Bibi sikumwambia kitu. Nilikaa barazani nikapiga, yeye akichagua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo siyo fidla yake," alisema.

Nilinyamaza.

"Lakini upinde ni wake. Na mkono, bado unauma?"

"Hauumi, Bibi."

Akapepeta ungo mara mbili. "Basi ile tumwekee mdogo wako. Yeye ana vidole virefu."