Kinyonga wa Picha Yangu

Wengi wenu mliiona picha ya kinyonga iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo muhula uliopita. Walimu waliisifu, na wenzangu wa bwenini wakanipa jina la "Mpiga Picha." Leo napenda kuwasimulia habari za picha ile, maana sehemu yake moja sijamwambia mtu hapa shuleni.

Kwetu ni karibu na Lushoto, katika milima ya Usambara. Likizo ya Desemba iliyopita mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, aliniazima kamera yake ya zamani. "Piga upendacho," aliniambia, "lakini isinyeshewe na mvua."

Siku ya kwanza nilikwenda Irente, mahali ambapo mlima umekatika ghafla kama ukuta, na huko chini nyika imetandazwa kama mkeka. Nilipiga picha nyingi sana. Jioni nilipozitazama, karibu zote zilikuwa ukungu mtupu! Siku ya pili niliingia msituni, nikaona kando ya kijito ua dogo la rangi ya zambarau limejishika kwenye mwamba wenye maji. Ua hilo lina historia. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta katika milima hii, na mbegu zake zikapelekwa Ujerumani. Sasa hupandwa katika vyungu madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, nasi wenyewe twalipita bila kulitazama.

Siku ya tatu ndiyo siku ya kinyonga. Usiku kinyonga alalapo hupauka, na ukimulika vichaka kwa tochi humwona upesi. Basi nilimwona mmoja katika wigo wa nyuma ya jiko la bibi, naye alikuwa dume mwenye pembe mbili puani. Jamii hii haipatikani pengine ila Usambara ya Magharibi.

Mambo ya kinyonga ni ya ajabu. Jicho lake moja laweza kutazama mbele na la pili likatazama nyuma. Mwendo wake ni wa pole, lakini ulimi wake si wa pole hata kidogo. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya mtaalamu mmoja wa Marekani aliyepima ndimi za jamii 20 za vinyonga. Aliyewashinda wote kwa wepesi wa kuufyatua ni kinyonga mdogo sana, mwenyeji wa milima yetu hii. Tena mwaka 2006 wataalamu walipolipa jina kundi moja la vinyonga wa Afrika Mashariki, walichagua neno letu la Kiswahili, Kinyonga, na ndilo liandikwalo katika vitabu vya sayansi duniani.

Asubuhi nilimkuta pale pale, lakini majani yalimficha. Nikamchukua kwa kijiti, nikamweka juu ya kigingi, peupe penye jua. Mara akafumuka, na mistari myeusi ikajitokeza ubavuni. Nilifurahi mno, nikadhani anajipamba kwa ajili yangu. Baadaye nilisoma kwamba kinyonga hubadili rangi kwa joto, kwa baridi, kwa hasira na kwa hofu. Kumbe zile rangi mlizozisifu huenda zilikuwa hofu yake.

Bibi akaniita nikateke maji. Nikaenda mbio, nikamwacha juu ya kigingi. Niliporudi, wadogo zangu wawili walikuwa wamemwua kwa mawe. Walisema ana sumu, na kwamba ni mkosi. Sumu hana. Nilitaka kuwapiga, lakini bibi akanizuia, akaniuliza, "Mjukuu wangu, nani aliyemtoa katika majani?" Sikuwa na jibu.

Jioni niliwaonyesha wadogo zangu picha ile, nikawaeleza macho na ulimi wake. Mdogo kabisa alikitazama kiguu kilichoshika kigingi kama koleo, akasema, "Kumbe ana vidole!" Kisha akanyamaza. Kabla likizo haijaisha alikuja mbio kuniita: amemwona kinyonga mwingine kwenye mpera, naye hakumrushia jiwe.

Huyo nilimpiga picha pale pale alipokuwa. Jani limemfunika kichwa nusu, na mkia hauonekani vizuri. Si picha nzuri. Nimemwomba mwalimu wetu aibandike kando ya ile ya kwanza kabla sisi wa kidato cha nne hatujaondoka, na amekubali. Basi wenzangu, mkipita penye ubao, itazameni hiyo ya pili, na mjue kwamba mwenye picha hiyo nilimwacha hai katika mpera wake.