Kipimo cha Jua

Huku kwetu Nyakisasa jua ni mtumishi wa kila siku: hukausha maharagwe, mtama na nguo zetu. Walakini ni wachache watambuao kwamba jua lilo hilo huua viini vya maradhi, tena huua kwa hesabu.

Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, waliweka vichupa vyenye maji ya kukuzia bakteria, vingine juani, vingine gizani. Vya gizani vilichafuka kwa wingi wa bakteria. Vya juani vilibaki safi. Mwaka 1930 Gates, huko Marekani, alionyesha kwamba mionzi ya urujuanimno iuayo zaidi ni ile ile inayofyonzwa na asidi zenye urithi wa kiumbe. Urithi ukiharibika, bakteria haiwezi kuzaana.

Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, alituuliza, "Mwalimu, ikiwa jua laua, mbona saa moja haitoshi?" Swali hilo ndilo lililowashughulisha wataalamu.

Tumjibu kwa maharagwe yaliyoanikwa uani. Manyunyu yakianza, tone huangukia punje hii, likaiacha ile. Yakiisha kulowa nusu, matone mengine kama yale hayalowezi nusu iliyobaki yote, kwa sababu mengi huangukia punje zilizokwisha kulowa. Hulowesha nusu ya zilizo kavu tu. Ndivyo ilivyo mionzi. Tuseme kipimo kimoja cha mionzi huacha bakteria 100 katika 1,000: kipimo cha pili kitaacha 10, na cha tatu 1. Dessauer wa Ujerumani mwaka 1922, na Crowther wa Uingereza mwaka 1924, waliieleza hesabu hiyo ya kupigwa na kukoswa. Holweck na Lacassagne wakaipima kwa bakteria huko Paris. Hivyo ilizaliwa nadharia ya shabaha. Viumbe vingine huhitaji kupigwa zaidi ya mara moja, basi kipimo kidogo huonekana hakikufanya kitu.

Jambo hili si la vitabuni tu. Katika nchi ya Wamasai wa Kenya, Conroy na wenzake waliwapa watoto chupa za plastiki za kuanika maji juani; habari za watoto 206 zilichapishwa mwaka 1996, na kuhara kulipungua. Kipindupindu kilipozuka baadaye, kati ya watoto 155 walio chini ya miaka sita waliokunywa maji ya juani waliugua 3. Kati ya 144 wa nyumba nyingine waliugua 20.

Nasi wa Ngara hatujasahau mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Benaco, na maji yakawa jambo la kufa na kupona. Hata sasa kiti kitupu darasani mara nyingi ni habari ya tumbo.

Basi yatupasa kuwafundisha watoto kipimo: chupa nyeupe ya kupenya nuru, maji yasiyo na tope, saa sita za jua kali, au siku mbili mawingu yakitanda. Ambaye hana chupa na achemshe. Wala asiseme mtu kwamba nusu ya kazi ni afadhali, akanywa: wale wachache waliobaki hai watazaana tena.