Mnyoo wa Inchi 7 kwa Mdomo wa Perege

Wadau, chambo hakichaguliwi kwa uzuri, kinachaguliwa kwa mdomo wa samaki. Ile minyoo ya plastiki mnayoiona mtandaoni ilibuniwa kwa black bass, samaki wa Marekani mwenye domo kubwa, anameza kitu kizima. Huku kwetu wa karibu yuko Naivasha, Kenya, alikopandikizwa miaka ya 1920. Perege yeye anadonoa tu: ndoano ndogo, kipande cha nyungunyungu cha kuifunika, basi. Kambale domo analo, ila anatafuta chakula kwa harufu na sharubu, hasa usiku. Plastiki isiyonuka haimhusu, mpe nyungunyungu mzima.

Sasa kuna kaka mmoja wa Arusha alienda ukweni Hanang, akaahidi kitoweo cha jioni kiko juu yake. Ziwa Basotu likamkaushia mpaka saa kumi, na minyoo yake ya inchi 7. Shemeji yake mdogo, mwenye fimbo tu, alikuwa na perege sita.

"Shem, huyo mnyoo ni mkubwa kuliko samaki."

Kaka akameza mate, akaomba ndoano ndogo. Jioni baba mkwe alikula perege wawili, wala hakuuliza waliliwa na chambo gani.

Wewe ungeomba, au ungekomaa na plastiki yako?