Kurithi Mke wa Marehemu Kaka: Biblia Inasemaje?

Jamaa mmoja wa Rorya, Mara, anafanya kazi Jadida, Wete. Kaka yake kafariki, na wazee wanampigia simu kila siku: amrithi shemeji yake. Wameshikilia Kumbukumbu la Torati 25. Mkewe kaifungua sura hiyohiyo: sheria ilihusu aliyekufa bila mwana, tena ndugu aliweza kukataa. Huyu kaacha wana watatu! Na 1 Wakorintho 7 inamwacha mjane huru kuolewa na amtakaye.

Jamaa kaamua kumuuliza mjane mwenyewe. Jibu: "Shemeji, mume sijaomba. Watoto wanadaiwa ada."

Ada kaituma. Wazee wamenuna, eti kaitupa damu yao. Sasa hapo, nani kamheshimu marehemu?