Herufi Moja Iliyomchelewesha Baba

Umewahi kuketi na mtoto umsaidie kazi ya shule, halafu yeye ndiye akakurudisha darasani? Juzi binti yangu wa Gredi ya Nne alifika nyumbani, hapa Nyalenda, daftari limejaa wino mwekundu. Aliandika habari za shangazi yake anayeuza samaki ufuoni Dunga, na kila mahali shangazi ni "he".

"Baba, kwani tofauti ni nini?" akaniuliza.

Usimcheke. Kiswahili husema "ameondoka", awe mume au mke. Kiluo nacho husema "otuo", yaani ni mgonjwa, kisikuambie ni nani kati yao. Okot p'Bitek, aliyewahi kufanya kazi hapa Kisumu miaka ya 1960, alitunga Song of Lawino kwa Kiacholi, ndugu wa Kiluo, kisha akaigeuza Kiingereza mwenyewe, ikachapishwa 1966. Huwa najiuliza alilivukaje shimo hili.

Mimi nilitumbukia. Mwaka 1999, nikiwa na miaka 12, mama alishikwa na malaria kali. Baba alikuwa kibarua katika ghala moja Nairobi, na pesa za hospitali zilikuwa kwake. Nyanya akanitamkia barua ya kumwombea ruhusa, nami nikaiandika kwa Kiingereza changu cha Darasa la Sita, kifua mbele: "Please allow my son to come home to his wife. He is very sick."

Msimamizi alipoisoma akamwita baba. Akamwona mzima, ametoka kubeba magunia. Akamwambia aache hila, arudi kazini. Herufi "s" moja tu, msomaji! Siku sita zilipita, mama akitetemeka mkekani, hata mjomba akapanda basi kwenda kueleza kwa mdomo.

Mama alipona, lakini alikaa wodini majuma matatu. Baba alirudi na ile barua mfukoni. Aliniangalia, akaangalia mwandiko, akaikunja tena bila kusema neno.

Nilipomsimulia binti yangu, alichukua kalamu akaanza kutia "s" moja moja, polepole. Alipomaliza ukurasa akauliza kama babu yake bado anayo ile barua.

Sijawahi kuthubutu kumuuliza.