Mweka Hazina Asiyesali

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imefika na mjomba wako ameisoma kwa makini. Kumbe wenzako chuoni wanataka kumvua cheo mweka hazina wenu kwa kuwa hana dini, wakisema asiyemwogopa Mungu hataogopa kula fedha za watu.

Waulize basi kuhusu Athanase Seromba, aliyekuwa padri wa Nyange, Rwanda. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake. Tarehe 16 kanisa likabomolewa kwa tingatinga, wao wakiwa ndani. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyoketi Arusha ilimtia padri hatiani kwa kuhusika na mauaji hayo: miaka 15 jela mwaka 2006, kisha rufaa ya 2008 ikampa kifungo cha maisha.

Siku hizo hizo, kule Musamo, nchini humo humo, bibi mganga Zura Karuhimbi aliwaficha kwake watu zaidi ya 100. Wauaji walipokuja, alijipaka majani yanayowasha, akawagusa, akatikisa bangili na kuwatisha kwa mizimu. Wakaondoka. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba uganga ule ulikuwa wa kutunga tu. Mwenyewe alimwamini Mungu mmoja.

Wenzako watajibu kuwa padri yule hakuwa na imani ya kweli. Sawa. Ila wakisema hivyo wamekwisha kubali kwamba muumini hupimwa kwa matendo, basi asiyeamini naye apimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Apimwe Fred Hollows, daktari wa macho. Ujanani alisomea uchungaji, kisha dini akaiacha kabisa. Alizunguka vijiji vya Waaborijini wa Australia akitibu trakoma. Alipokuta Waeritrea wanapofuka kwa mtoto wa jicho kwa kukosa lenzi, akahangaikia kiwanda cha kuzitengeneza Asmara. Saratani ilimuua 1993. Kiwanda kikafunguliwa mwaka uliofuata.

Si kwamba dini haina kazi. Marehemu babu yako, akipima sukari dukani, alizidisha kidogo kila mara kwa kuogopa kupunja, na hofu hiyo aliipata msikitini.

Basi kabla ya kumvua kijana huyo cheo, ombeni daftari lake, stakabadhi na taarifa ya miamala ya simu, mlinganishe. Hesabu zikikaa sawa, mwacheni aendelee. Na yule aliyemtangulia, ambaye unasema ndiye aliyekuwa akiwaongoza kwa sala, naye alete daftari lake; barua yako haikusema kama liliwahi kukaguliwa.

Wasalaam,
Mjomba wako