Ute si Uchafu

Jumatano, 3 Aprili 2024
Nimeshona sketi mbili tu leo. Kukaa kwenye kiti cha cherehani kumekuwa adhabu. Tangu Jumapili nawashwa, na kwenye nguo ya ndani naona vitu vyeupe vizito, vimekatikakatika kama mtindi wa siku tatu. Havinuki. Nilipomdokezea jirani alinishika mkono: "Shoga, huo ni uchafu. Chemsha maji, tia chumvi na ndimu, jisafishe mpaka ndani." Nimefanya hivyo usiku, mlango nimeufunga kwa komeo kama mwizi.

Ijumaa, 5 Aprili
Ndimu imenichoma hadi nikalia bafuni. Kukojoa ni moto. Baba watoto kauliza nina nini, nikamjibu malaria. Malaria inatusitiri wanawake wengi.

Jumatatu, 8 Aprili
Zahanati, hatimaye. Mvua ilinyesha usiku kucha. Mara mbili nilishuka kwenye boda tuisukume kwenye tope. Nesi, mama wa makamo, hakushtuka wala hakukunja uso. Rangi gani? Kuna harufu? Tumbo la chini linauma? Hedhi ya mwisho lini? Umetumia dawa gani karibuni? Hapo nikakumbuka kapsuli za kikohozi nilizonunua dukani mwezi uliopita bila cheti.

"Nyumbani maziwa mnagandisha kwenye nini?"

"Kwenye kibuyu."

"Mnakisugua kwa sabuni?"

Nikacheka. Marehemu mama angenichapa.

"Basi na huko ni hivyohivyo," akasema. Ndani ya uke wanaishi bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa. Hutengeneza tindikali inayowafukuza vijidudu vibaya, na uke hujisafisha wenyewe. Nje panatosha maji. Kapsuli zangu, kumbe za kuua bakteria, ziliwaua wenyeji hao, fangasi wakajitanua. Ndimu ikaja kuchubua palipokwisha kuumia. Amenipima mimba, VVU na sukari, maana fangasi hupenda mwili wenye sukari nyingi au kinga iliyoshuka. Vyote salama. Nimepewa vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, usiku sita.

Ute unaovutika kama ule wa yai katikati ya mzunguko wa hedhi, ule mweupe mwepesi siku nyingine, ule unaoongezeka wakati wa ujauzito: kumbe wote ni wa kawaida. Nina miaka 38 na siku zote nimeuita uchafu. Kitu ukikiita uchafu, utakisugua na kukificha.

Ijumaa, 12 Aprili
Muwasho umekwisha, ila vidonge nitavimaliza. Mteja mmoja, mke wa mkulima wa tumbaku, alinisikia nikisimulia akavuta kigoda. Yeye anatokwa na majimaji ya kijani-njano yenye povu, na mumewe hana dalili yoyote. Nimemwambia waende wote wawili. Huenda ni ugonjwa wa zinaa, na ukimtibu mmoja, mwenzake atamrudishia. Nesi alinisimulia utafiti uliofanyika vijijini Mwanza miaka ya 1991 hadi 1994: palipoboreshwa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Tena aliniasa tusiwe wepesi kumshuku mume. Ute wa kijivu wenye shombo la samaki mara nyingi ni bakteria wa ndani waliovurugika, hasa kwa wanaojiosha ndani. Nao una dawa.

Jumapili, 14 Aprili
Mamdogo kaja kupimwa gauni. Nikazungusha futi kiunoni: inchi 31. Daftari la mwaka jana lasema 36. Nikapima tena. Zilezile.

"Mamdogo, mbona umeisha hivi?"

Akatazama mlangoni kwanza. Tangu Krismasi anatokwa na maji yenye damu, yananuka, anakunja vitambaa. Hedhi ilimkoma miaka kumi iliyopita. "Ni mchango tu wa uzee, mwanangu. Niliona aibu kukwambia."

Jumatano, 17 Aprili
Tumekwenda hospitalini Mpanda. Daktari ameona kidonda kwenye shingo ya kizazi, amekata kinyama kidogo kipelekwe kupimwa. Njiani kurudi mamdogo hakusema neno, mpaka tulipokaribia nyumbani: "Gauni usilibane sana. Niachie nafasi, nitanenepa."

Jumanne, 23 Aprili
Binti yangu, miaka 12, amechanjwa shuleni. Wiki hii wanachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja. Chanjo ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 zilikuwa mbili. Inakinga virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za shingo ya kizazi. Wapo waliowaficha mabinti, eti inafunga uzazi. Mimi nimejiandikisha kwa kipimo cha siki, cha kuangalia shingo ya kizazi kabla dalili hazijaanza.

Ijumaa, 26 Aprili
Muungano umetimiza miaka 60, redio zinaimba tangu alfajiri. Nimemwandikia binti yangu nyuma ya daftari la vipimo:

Ute wako wa kila mwezi usiowasha wala kunuka, uache. Ukigeuka kijani, kijivu, usaha au vipande kama mtindi, ukinuka au ukiwasha, nenda zahanati kabla ya duka la dawa. Ukiwa na homa au maumivu ya tumbo la chini, ukiwa mjamzito, ukiona damu baada ya tendo au baada ya hedhi kukoma, usilale nalo. Usijioshe ndani. Sema.

Majibu ya mamdogo tunayafuata Jumatatu. Gauni lake nimelishona inchi 34.